Asiyejua Kuwa Kipofu

Harmon Bluff, Alabama
Jumatano, 9 Julai 1986

Kaka Thaddeus mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo kitandani, wewe pamoja na mguu wako. Unaendeleaje? Daktari amekuruhusu kukanyaga, au bado anakuambia subiri? Nilivyomwona siku ile sikumwamini. Mtu anayepasua watu hawi na viatu vyeupe namna ile, labda kazi hufanywa na mwingine yeye akatia saini tu. Muulize kwa upole, usimwambie ni mimi.

Sisi huku wazima. Joto limezidi, kuku wanataga wakijisikia, na Mchungaji Crandall bado anashikwa na kikohozi kila inapofika zamu yake ya kufagia ukumbi. Bustani yako naimwagilia. Kuna mtu anachuma bamia zako za upande wa barabarani, na nina jina lake kichwani, ila sitaliandika hapa kwa kuwa posta ya mji huu husoma barua za watu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Siku unaondoka kwenda kupasuliwa ulinishika bega ukaniambia, "Lenora, wewe ndiye jicho langu hapa. Mchunguze yule binti, watu wameanza kunong'ona." Ukacheka, maana unanijua mimi huhesabu vijiko hata mgeni akiwa mchungaji. Nimemchunguza, kaka. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, na ukikasirika usikanyage huo mguu.

Wazo lilikuwa lako mwenyewe, usisahau. Tangu enzi za babu tunaigiza uani kwetu kisa cha Mwalimu Prudence na mwanafunzi wake Hester, aliyekuwa haoni wala hasikii. Kila kiangazi Hester amekuwa binti wa mjini mwenye macho ya mwewe na masikio ya popo. Ndipo mwaka huu ukasema tumpe nafasi hiyo binti ambaye kweli haoni wala hasikii, Oleta Sykes, aliyehamia yeye na mama yake kwenye ile nyumba ya Wallace. Wewe na kamati yako ya mchezo mkachapisha mabango, "Hester wa Kweli," yakabandikwa mpaka Decatur. Mimi sikupinga. Mimi nilijali tu kama nitaendelea kuwa Mwalimu Prudence, na najua mnavyonisema, kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mimi nimeshapita arobaini. Kwa mbali, na kofia, hakuna anayejua.

Siku ya kwanza ya mazoezi tulijipanga ukutani kule ukumbi wa chini wa kanisa kumpokea. Bi Verbena Tuttle alikuwa ameshika leso tayari kwa kulia. Unamjua, alikuwa Hester wakati wa baba, na tangu hapo ndiye huwafunda mabinti wote namna ya kuwa kipofu. Basi Oleta akaingia na mama yake, Jewel, yule wa kiwanda cha kuku. Hakunyoosha mikono. Hakuinua kidevu. Hakujikwaa. Alipita katikati ya viti, akavuta kimoja, akakaa, akakunja nne. Bi Verbena aliirudisha leso mkobani akaninong'oneza, "Lenora, huyu mtoto hajui kuwa kipofu."

Hapo usingizi wangu ukaisha.

Wiki nzima Bi Verbena alihangaika naye. "Mikono mbele, mwanangu! Papasa! Kipofu gani huyo hapapasi?" Jewel alikuwa akizitafsiri kelele zile kwa ishara kiganjani mwa bintiye, uso umekauka kama ubao. Siku moja Oleta alijibu kwa mikono, akajibu kwa muda mrefu, mrefu kuliko sala ya mazishi, na mama yake akatugeukia akasema, "Anasema asante." Mimi si mtoto mdogo, kaka. Asante ya wapi hiyo yenye aya tatu? Nikajua kuna linalofichwa, na anayelificha ni mama.

Nikaanza kazi. Kwenye chakula cha kanisa nilikaa mkabala naye. Alichukua paja la kuku kutoka kwenye sinia bila kugusa kipapatio wala shingo, akaling'oa safi kabisa. Lakini bilauri ya chai baridi iliyokuwa karibu na kiwiko chake aliimwaga yote kwenye gauni la Bi Verbena. Nikajiambia, ahaa, hiyo ya kumwaga ni ya kutupumbaza. Siku nyingine nilimkuta ameelekeza uso kwenye saa ya ukutani, kisha akanyanyuka kwenda kuchukua mkoba wake kwa kuwa muda wa kuondoka ulikuwa umefika. Kipofu anayesoma saa! Nikamtolea ulimi kutoka mbele. Kaka, alicheka. Nikazunguka nikamtolea kutoka ubavuni, tena nikakunja na pua, akakaa kama sipo. Nilijua tu kwamba amejifunza kujizuia.

Kisha nikafanya jambo ambalo mama angenichapa kwa ajili yake. Nilichukua stuli ya kinanda nikaiweka njiani kwake, kati ya jukwaa na mlango, nikajifanya napanga shuka za pazia. Nilitaka aizunguke nimkamate. Akaja kwa mwendo wake ule wa kujiamini, macho mlangoni, akaivaa mzimamzima. Muundi ulichubuka ukatoka damu. Jewel alikuja mbio akauliza nani kaweka stuli pale. Nilisema sijui. Na unajua nilichokiwaza nikiwa nimesimama pale na pamba mkononi? Niliwaza, huyu kaiona, kaamua kuanguka. Mtu aone saa ya ukutani asione stuli miguuni?

Lakini lililonimalizia shaka yote lilikuwa jioni ya Alhamisi, tulipofanya mazoezi uani kwa mara ya kwanza, kamati nzima imekaa kwenye viti vya kukunja na pepeo za karatasi zinazogawiwa na nyumba ya mazishi. Jua lilipokuwa likizama Oleta alibadilika. Alinishika mkono kwa nguvu. Alipapasa. Alijikwaa kwenye kamba ya nguo, akagonga banda, akatafuta ngazi za jukwaa kwa mguu kama mtu anayepima maji. Bi Verbena alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. "Amejua! Hatimaye amejua!" Wajumbe walipiga makofi. Mimi tu ndiye niliyebaki mkavu. Mchana hapapasi, jioni kamati ikija anakuwa kipofu wa kupigiwa mfano? Nikasema moyoni, binti, leo umejiuza.

Ijumaa mchana akaja kwetu kufanya mazoezi ya yai. Unakumbuka tunavyofanya, Mwalimu Prudence anachukua yai la moto chini ya kuku, analiweka kwenye kiganja cha Hester, kisha anamwandikia jina lake kwa herufi za vidole, na hapo ndipo Hester anaelewa kwamba vitu vina majina. Jewel alituacha akaenda zamu kiwandani. Kwa mara ya kwanza tukawa peke yetu, bila mama wa kutafsiri. Herufi zangu ni za kukwama, kama unavyojua, nilijifunza kwa ajili ya jukwaa tu. Lakini zilinitosha. Badala ya yai, niliushika mkono wake nikaandika: UNAONA.

Nilitegemea atautoa mkono. Hakuutoa. Aliandika kwa kasi nikamwomba arudie, akarudia taratibu, kama anavyofanya mtu na mtoto. Alisema, ndiyo, kidogo. Kisha akaniuliza mbona nimechelewa sana kuuliza.

Nilikaa juu ya debe la mahindi. Yeye akachukua gazeti nililokuwa natandika kwenye viota, akalikata, akaviringisha mirija miwili myembamba, akaniwekea machoni na kunishikisha. Akanisukuma mgongoni nitembee. Kaka, niliuona mnara wa kanisa vizuri sana. Niliona jogoo juu ya ua. Niliiona pua yake peke yake, bila mashavu. Halafu nikaingiza mguu kwenye ndoo, nikaangukia kiota, na yule kuku wako mwekundu akanidonoa sikio. Mimi, Lenora Gaines, mwenye macho mawili mazima. Nilipokuwa nimelala pale na gazeti usoni, ile stuli ilinijia akilini, na haya zikanishika mpaka nikashindwa kuinuka.

Aliniandikia kwamba amezaliwa na ugonjwa huo. Masikio yalikwenda kwanza, akiwa mdogo, macho yalianza kufa pembeni na giza linakuja katikati. Kila mwaka tundu analoonea linapungua. Na giza likiingia, hata hilo tundu hufungwa, ndiyo maana ile jioni alining'ang'ania. Hakuwa anaigiza mbele ya kamati. Sisi ndio tuliompigia makofi alipokuwa anaogopa.

Nikamuuliza na lile la asante, maana siwezi kuacha jambo likining'inia. Alicheka kwa mabega. Alisema siku ile alimwambia mama yake hivi: "Mama, huyu bibi ananifundisha kuwa mimi, na anasema sijui." Yaliyofuata yalikuwa marefu na hayafai kanisani. Kwa hiyo kuhusu Jewel nilikuwa sahihi, naomba hilo lihesabiwe, ingawa nadhani ningekuwa mama ningetafsiri vilevile.

Halafu nikamuuliza kwa nini alikubali kuwa Hester, ikiwa mambo yenyewe ndiyo haya. Aliandika bila haraka, mkono wake ndani ya wangu. Unaujua ule mstari wetu wa mwisho. Mchezo ukiisha, mji mzima hupanda jukwaani mmoja mmoja, husimama mbele ya Hester chini ya taa kubwa, naye huwagusa uso, wazee hufumba macho na kulia. Sisi tunadhani ni baraka. Oleta alipata habari za mstari huo kwa mama yake tangu siku walipohamia. Alisema dukani watu humpita ubavuni, kanisani huongea na mama yake juu ya kichwa chake, na akimtafuta mtu kwa lile tundu, ameshaondoka. Hakuna anayesimama mbele yake, karibu, ametulia, kwenye mwanga, mpaka yeye amalize kumtazama. Anataka kuwaona watu wa Harmon Bluff wote, uso kwa uso, mara moja, kabla tundu halijafunga. Mwakani, alisema, pengine atakuwa Hester mzuri zaidi kwa ladha ya Bi Verbena, lakini hatakuwa na haja tena.

Nililia, kaka. Nilijipangusa kwa aproni ya kuku na sikujali.

Sasa nifike pale pagumu. Jumatatu kamati ilikutana, Oleta na mama yake wakiwapo. Bi Verbena alisimama akaeleza mashaka yake, kwamba binti amevuka ukumbi bila kupapasa, kwamba ametazama saa, kwamba mabango yanasema Hester wa Kweli na watu wa Decatur watatuita matapeli. Akapendekeza nafasi apewe mjukuu wake Dawn, ambaye, alisema, ana wiki mbili anajifunga kitambaa nyumbani na tayari amevunja taa. Mchungaji Crandall akanigeukia. Alisema, "Hapa tunaye Dada Lenora. Huyu haamini jua limechomoza mpaka aguse bati. Yeye ndiye yuko naye kila siku. Akisema binti haoni, mimi nimeridhika." Akanisogezea Biblia.

Nilikuwa nimekusudia kusema kweli. Nilikuwa na ile mirija ya gazeti kwenye mkoba, nilitaka kila mjumbe avae atembee mpaka mlangoni. Kisha nikawatazama, kaka, wale watu waliomwona Hester kila kiangazi cha maisha yao, wanaojua upofu kama wanavyojua mapishi ya mama zao. Niliona kwamba nikisema anaona kidogo, watasikia anaona. Nikaweka mkono juu ya Biblia nikasema, "Haoni kitu. Nimempima mimi mwenyewe. Giza tupu."

Mimi niliyemfukuza muuza maziwa kwa kuongeza maji. Mimi ambaye sijawahi kumsamehe shangazi Opal kwa ule uongo wa keki.

Jewel alikuwa akitafsiri kiganjani, na hapo alisita, lakini binti alimgonga mkono aendelee, naye akaendelea. Oleta akautoa mkono wake. Akasimama. Akafungua mdomo, akasema kwa sauti, "Naona."

Hatukuwahi kumsikia. Shule ya viziwi ilimfundisha kutumia sauti, lakini alichekwa nayo mahali fulani akaiweka kando. Ilitoka nzito, ya kukwaruza, na kila mtu aliielewa. Bi Verbena alishika kifua. "Yesu wangu! Na anaongea!" Mzee Dobbs wa posta akasema kesho tutaambiwa anaimba kwaya. Vurugu ikaanza. Oleta alimshika mama yake mikono, na safari hii Jewel alitamka neno kwa neno, analia huku anatamka: "Ninaona tundu. Mlitaka asiyesikia na asiyeona, mkanijia mimi, na ndiye mimi. Hamkuuliza ninaona kiasi gani. Mliuliza tu kama ninaweza kuja mapema kwa mazoezi."

Kisha akanijia. Alijua nilipokaa. Aliuchukua mkono wangu mbele ya wote, akaandika polepole sana ili nisikose hata herufi moja: "Sikuwa mwongo mpaka ulipofungua mdomo wako." Akauweka mkono wangu juu ya meza, akatoka na mama yake.

Hilo ndilo nililotaka ulisikie kwangu kabla Mchungaji hajakuandikia. Nilichotaka kumwokoa nacho ndicho nilichomchafulia. Kama ningesema kweli wangeweza kuniamini, mimi nisiyemwamini mtu, neno langu lilikuwa na uzito kuliko lao wote. Sasa halina. Nikiwaonyesha mirija ya gazeti wanasema Lenora kanunuliwa kwa huruma. Mzee Dobbs anawaambia watu dukani kwamba huenda hata uziwi ni wa kubuni. Binti hatoki nyumbani. Jana nilipeleka mkate wa mahindi, Jewel aliupokea mlangoni na hakunikaribisha.

Kamati imepiga kura ikagawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo imebaki ya kwako, mwenyekiti. Bi Verbena atakuandikia na maneno yake ni matamu, ana lile la kwamba watu wanakuja kuona usiku, yaani upofu kamili, je, tutawaonyesha machweo? Wenzake walilipigia makofi. Mimi nakuambia tu nilichokiona kwa macho uliyoniazima. Binti ni asiyeona na asiyesikia, kama watu wengi wa hali hiyo walivyo, na sisi tulioigiza jambo hili tangu enzi za babu hatukuwa tunalijua. Nami ni mwongo. Ukinivua kofia ya Mwalimu Prudence nitakubali, na nimemwambia Mchungaji hivyo, akakohoa.

Leo asubuhi Jewel alipita getini akielekea kazini. Nilikimbilia nikamwambia nakuandikia wewe, na kwamba nitamtetea bintiye mpaka mwisho. Akasema Oleta hataki nimtetee, ametosheka na utetezi wangu. Ana neno moja tu kwako, na aliniagiza niliandike kama lilivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Naliandika chini hapa, baada ya salamu, liwe la mwisho machoni mwako.

Msalimie sana wifi Corliss, mwambie mtungi wake wa kachumbari ya matango ninao, nimeufunga vizuri. Wasalimie wauguzi, ila yule mrefu usimwachie saa yako. Kula, lala, ufuate masharti, hata ya yule wa viatu vyeupe. Mungu akuinue upesi.

Mimi dadako, nisiyestahili kuwa jicho la mtu,

Lenora

Neno la Oleta ni hili: "Mwambie mwenyekiti, kama atanikataa, asinikatae kwa barua wala kwa simu. Aje mchana, asimame mbele yangu, nimwone anavyosema."